Wale Panya wa Armelle

Sisi watu wa Kiswahili tuna ugonjwa mmoja ambao dawa yake haijapatikana. Mtu akikuuliza habari, unajibu nzuri. Nyumba inaweza kuwa inaungua nyuma yako, utasema nzuri kwanza, ndipo uongeze kwamba, ila tu, moto umeshafika jikoni. Cherotich alilelewa hivyo kule Bomet. Na kwa jibu hilo moja, lililomtoka nje ya kanisa huko Mount Druitt, Sydney, kabla hajalifikiria, alimharibia mama wa watu msiba wake.

Mama mwenyewe ni Dévote, Mrundi aliyekulia kambini Kigoma, akahamishiwa Sydney pamoja na mumewe Melchior na mtoto wao wa pekee, Armelle. Dévote anaogesha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, Melchior anapanga maboksi ghalani. Cherotich ni Mkenya, alikuja kusoma, akapata kazi, akapanga chumba mtaa wa jirani, Rooty Hill. Undugu wa damu hawana. Lakini mama yake Cherotich alipofariki, na viza ya binti ikawa ya kutoka bila ruhusa ya kurudi, akatazama maziko kwenye simu, aliyekuja kukaa naye sakafuni alikuwa Dévote. Alikuja na sufuria la maharage, hakumwambia yote ni mapenzi ya Mungu, hakumwambia ajikaze. Alilia naye tu mpaka wote wawili wakapata usingizi. Tangu siku hiyo Cherotich alikuwa na mama Sydney, na Armelle alikuwa na dada wa kumsuka nywele.

Basi Armelle akaugua. Alikuwa msichana mrefu, mwenye maneno, anayejibu Kiingereza hata akisemeshwa Kiswahili, hapendi kuamka asubuhi. Ikaanza kwa michubuko mapajani isiyo na sababu, ikaja homa, ikaja hospitali. Madaktari wakasema uboho wake umekauka. Ndani ya mifupa ya mtu kuna mbegu za damu, wakasema, na hizo ndizo zinazozaa damu yote na askari wote wa mwili. Za Armelle zilikuwa zinakwisha. Wakatafuta mtu wa kufanana naye damu katika majina ya wanaojitolea, hakupatikana, kwa kuwa watu weusi kwenye majina hayo ni wachache. Wakachukua za baba yake, ambazo zilifanana nusu. Hazikushika. Homa ya mapafu ikamchukua katikati ya baridi, mwezi wa nane.

Kabla ya hapo madaktari walikuwa wameomba uboho wake kidogo kwa ajili ya utafiti. Wangewatia panya mbegu zake za damu, wauchunguze ugonjwa humo. Armelle mwenyewe alikubali, akacheka, akasema hao panya wajiandae kulala mpaka saa sita mchana. Dévote alimsimulia Cherotich maneno hayo siku ya pili ya matanga, wakiwa wamekaa kwenye mkeka, akamtajia na jina la kituo cha utafiti.

Cherotich akashtuka. Ndicho kituo anachofanyia kazi. Yeye ndiye anayewatunza hao panya, na akamwambia hivyo.

Ni panya weupe, wadogo, wa kukaa kiganjani. Wataalamu wamewabadilisha vinasaba ili wazaliwe bila kinga yoyote ya mwili, na juu ya hapo wakatiwa vinasaba vya binadamu ili miili yao ikubali kuilisha damu ya mtu. Ukimchoma panya huyo mbegu za damu za mtu, na zikishika, baada ya muda damu ya mtu huyo inazunguka ndani yake, na kinga ya mtu huyo inaota humo. Kwa hiyo analindwa kuliko mtoto mchanga. Cherotich haingii kwao kabla ya kuvaa kofia, barakoa, joho na glavu. Chakula chao kinapikwa kwa mvuke mpaka kisibaki na kijidudu hata kimoja. Na kila kizimba kina namba tu. Jina la mtu halipo, na Cherotich haruhusiwi kulijua.

Jumapili baada ya maziko, Dévote alimsubiri nje ya kanisa, akamshika mkono, akamvuta kando ya magari.

“Zile panya za kwetu,” akasema kwa sauti ya chini. “Habari yao?”

“Wazima, Mama Armelle.”

Haya. Neno limeshatoka. Cherotich alikuwa na “ila” yake tayari: ila hata siwajui ni wepi, ila vizimba vina namba tu, ila huenda hawapo. Lakini Dévote alikuwa amefumba macho, machozi yanamtiririka, anasema asante Mungu, asante Mungu. Nani angekuwa na roho ya kuiongeza “ila” hapo? Cherotich akaimeza.

Mchelea mwana kulia, hulia mwenyewe. Wazee walisema wakachoka.

Dévote akarudi nyumbani. Kinamama wa Kirundi na wa Kikongo walikuwa bado wamejaa sebuleni, wengine wametoka mbali, wameacha shifti zao, wamekuja kulia naye kama inavyopasa. Akasimama katikati yao na kitambaa chake cha msiba. “Nyamazeni,” akawaambia. “Mtoto hajaisha. Damu yake inatembea. Mtu halilii mtoto ambaye yuko.” Wakatazamana. Mmoja akasema ni uchungu huo unasema, tumwache. Lakini utamlilia vipi mtu mbele ya mama yake aliyekukataza? Mikeka ikakunjwa mapema, wakaondoka mmoja mmoja, na Dévote hakutoa tena chozi. Watu wakamsifu kwamba ana imani.

Uongo nao una tumbo, unataka kulishwa. Jumapili iliyofuata Dévote akauliza tena, na ile nyingine, na ile nyingine. Cherotich akajichagulia kizimba kimoja kwenye rafu ya katikati, akasema moyoni, hawa ndio. Akawa anawatazama kwa ajili ya Dévote. Yuko mmoja anayepanda mpaka juu ya wavu, akasimulia. Yuko mwingine, yeye ni kulala tu, wenzake wanamkanyaga anageuka upande wa pili.

“Huyo!” Dévote akapiga makofi. “Huyo ndiye! Ile inalala, ni yeye kabisa!”

Wakacheka mpaka wakashikana mabega, hapo hapo kwenye maegesho, watu wakageuka kuwatazama. Ilikuwa mara ya kwanza Dévote kucheka tangu hospitali. Niambie basi, ungekatia wapi? Cherotich alipanda treni akalia kutoka Mount Druitt mpaka kwake, na Jumapili iliyofuata akaenda na habari mpya.

Ikafika mahali Dévote analeta karanga. Anazikaanga mwenyewe, anazifunga kwenye mfuko, “upelekee watoto”. Karanga haziwezi hata kuukaribia mlango wa chumba kile, lakini Cherotich alizipokea kwa mikono miwili, akazila kwenye treni, moja moja. Mara kizimba cha rafu ya katikati kikaondolewa, maana katika kazi ile panya wana muda wao. Cherotich akasimama mbele ya nafasi tupu, akavuta pumzi, akahamia kizimba cha jirani. Habari zikaendelea.

Lakini msiba una utaratibu wake, haungoji panya. Kwa Warundi, kabla mwaka haujaisha, ukoo na majirani hukutana kuanua tanga; wao wenyewe huiita kuganduka. Watu wanakula, wanakunywa, msemaji anasimama anatangaza kwamba kilio kimekwisha, na kuanzia hapo waliofiwa wako huru kucheka, kuoa, kuvaa rangi. Bila siku hiyo marehemu hajapumzika na walio hai hawajaachiliwa. Melchior alipanga siku. Dévote akakataa. Akapanga nyingine, akakataa tena.

“Hauwezi kuanua tanga ya mtu ambaye damu yake inatembea,” alisema. “Ni kumzika mara ya pili akiwa mzima.”

Melchior alikuwa amekonda. Ndugu zake walimpigia simu kutoka Bujumbura na Brisbane kumuuliza anamweka marehemu mlangoni bila kupumzika mpaka lini. Siku moja alimkuta Cherotich jikoni kwake, akafunga mlango. “Mwanangu, wewe anakusikia,” akamwambia. “Mwambie aniruhusu nimpumzishe binti yangu.” Cherotich alitazama chini. Alisema, “Nitajaribu, Baba Armelle,” na hakujaribu, kwa sababu uzi wote ulikuwa mkononi mwake na angeuvuta ungefumuka mpaka mwisho.

Mwishowe Dévote mwenyewe akatoa sharti. Ataenda kwa hao watafiti, awaulize uso kwa uso panya wa Armelle watamaliza lini. Wakimaliza, naye atamaliza. Melchior akapiga namba waliyopewa hospitali, wakapewa miadi ya Alhamisi, na tanga likapangwa Jumamosi ya baada yake, wageni wakaalikwa. “Na wewe utakuwepo,” Dévote alimwambia Cherotich, macho yanang'aa. “Nimeshawaambia nina binti anafanya kazi hapo.”

Cherotich hakulala wiki hiyo. Alifikiria kuugua, alifikiria kwenda mapema kumwomba dokta Kerryn, mkuu wa utafiti, aseme kitu chepesi. Alifika mpaka mlangoni kwake, akaogopa kufukuzwa kazi, akarudi. Alifikiria kumfuata Dévote na kumwambia ukweli kabla hawajafika huko. Hilo ndilo lililokuwa la kufanya. Alipanda basi mara mbili kwenda Mount Druitt, na mara zote mbili Dévote alifungua mlango akamkumbatia kabla hajafungua mdomo.

Alhamisi wakakaa kwenye chumba kidogo chenye meza ya duara, chai, na keki za nazi. Dévote alikuwa amevaa kitenge chake kizuri. Dokta Kerryn ni mwanamke mwembamba, mpole, aliyeanza kwa kusema anasikitika kwa ajili ya Armelle. Mkalimani alikuwa kwenye simu, mwanamume mwenye Kiswahili safi, akatafsiri salamu, akatafsiri pole, kisha simu ikakatika. Wakapiga tena, ikaita tu. Dokta akamgeukia Cherotich. “Unaweza kutusaidia?” akauliza kwa Kiingereza. “Kama familia inakubali.”

“Ni mtoto wetu,” akasema Melchior kwa Kiingereza chake cha ghalani.

Dokta Kerryn akaongea taratibu, kwa maneno mengi ya kitabibu, akimtazama Dévote usoni. Melchior alijitahidi kufuata, akaachwa njiani, akabaki anatazama mikono yake. Dévote hakujaribu. Yeye alimtazama Cherotich.

Cherotich alisikia kila kitu. Akatambua kwamba katika chumba kile ni yeye tu na dokta wanaojua kilichosemwa, na dokta hajui Kiswahili. Angeweza kusema lolote. Angeweza kusema panya wa Armelle wanaendelea vizuri, watafika Krismasi, kisha watakufa usingizini, na Dévote angetoka mle anatabasamu, na Jumamosi ingeahirishwa mara moja tu ya mwisho. Maneno hayo yalimjia yote, yamepangika, yako tayari.

Dévote akaweka mkono juu ya goti lake. “Sema, mtoto wangu. Wewe najua haunifichi.”

Hapo ndipo Cherotich alipovunjika.

“Haikushika, Mama Armelle.”

“Nini haikushika?”

“Damu yake. Uboho wake ulikuwa umeshakauka, mbegu walizopata zilikuwa chache mno. Waliwatia panya, wakangoja, wakapima. Damu ya mtu haikuwemo ndani yao hata tone. Wakawaua. Panya ambao haikushika huuawa.”

“Lini?”

Cherotich alikuwa ameshalisikia jibu, lakini alimuuliza dokta tena, akiombea libadilike. Halikubadilika. “Armelle akiwa bado hospitali,” akasema.

“Donc, basi, kabla hatujamzika.”

“Ndiyo, mama.”

Dokta Kerryn alikuwa anawatazama kwa zamu, anahisi kuna jambo, haelewi ni lipi. Dévote akauondoa mkono wake polepole kutoka kwenye goti la Cherotich, akauweka mezani.

“Na zile za Jumapili?” akauliza. “Ile inapanda juu. Ile yangu inalala. Ni za nani?”

“Sijui, mama. Za watu wengine.”

“Watu wengine,” Dévote akarudia.

“Mama, nisamehe. Uliniuliza habari, nikajibu tu. Halafu nikashindwa kurudi nyuma. Ulikuwa hauli, mama, ulikuwa...”

Melchior akasema jina la Mungu kwa Kirundi, akafunika uso. Dokta akauliza mama anasema nini, kama ana swali. Cherotich akamtikisia kichwa tu. Dokta akausogeza mbele yao mkebe wa karatasi za kufutia machozi, maana kwa watu wa kule kufariji huishia hapo, na si kosa lao.

Dévote hakuchukua. Alisimama, akanyoosha kitenge chake, akampa dokta mkono, akamwambia asante kwa Kiingereza. Akatoka bila kumtazama Cherotich, wala hakumpita kwa hasira. Alimpita kama mtu anavyompita mtu asiyemjua kwenye stesheni. Melchior ndiye aliyesimama mlangoni.

“Wewe mtoto,” akasema, “tulikukosea nini?”

Cherotich akarudi kazini kwa sababu hakujua kwingine pa kwenda. Akavaa kofia, barakoa, joho, glavu. Ndipo lilipomjia, amesimama katikati ya rafu: mwezi ule Armelle alipokuwa hospitali, panya ambao haikushika waliondolewa na nani? Kazi hiyo ilikuwa yake. Aliwaondoa mwenyewe, kwa mikono hii, kizimba baada ya kizimba, akiwa na haraka ya kuwahi treni ili akamsuke Armelle nywele. Akakaa chini, jambo ambalo haliruhusiwi mle, akalia ndani ya barakoa mpaka ikalowa na kumbana pumzi.

Jumamosi mchana alikwenda. Hakuwa amealikwa upya, lakini hakuwa amefukuzwa pia, na huna uso wa kwenda kama ambavyo huna uso wa kutokwenda. Gereji ya akina Melchior ilikuwa imejaa viti vya plastiki, mishikaki inanukia uani, kreti za bia na Fanta zimepangwa ukutani. Melchior alisimama amevaa suti, akawashukuru watu kwa kuwabeba mwaka mzima. Akasema, sasa kilio kimekwisha, mtoto amepumzika, na sisi tupumzike. Watu wakapiga makofi. Wengine walilia kidogo, kile kilio chepesi cha kufunga kazi, wakajipangusa, chupa zikafunguliwa, mtu akawasha muziki. Ilikuwa sherehe nzuri, wallahi, kila kitu kwa utaratibu wake. Mama wa marehemu tu ndiye hakuwepo.

“Amechoka,” kinamama walisema. “Mwacheni, amekuwa na nguvu sana, huyu mama.”

Cherotich aliingia ndani, akapita kwenye ujia mpaka kwenye mlango wa chumba cha Armelle. Ulikuwa umefungwa kwa funguo.

“Hodi, Mama Armelle.”

Sauti ikatoka ndani, kavu. “Huko nje wanafanya nini?”

“Wanaanua tanga, mama.”

“Ya nani?”

“Ya Armelle,” akasema Cherotich.

“Wao walifiwa mwaka jana,” Dévote akasema nyuma ya mlango. “Walikuja hapa na mikeka, walikuja kulia na mimi. Niliwafukuza. Nikawaambia nyamazeni, mtoto yuko. Leo wamemaliza. Mimi mtoto wangu amekufa Alhamisi, Cherotich. Nitamwita nani? Nitamwambia nani, rudi ulie, nilikuwa bado?”

“Mimi nipo, mama. Nifungulie. Nitakaa na wewe. Nitakaa hata mwaka.”

“Hapana.” Hakupaza sauti. “Hapana. Wewe kaa huko na watu wa habari nzuri.”

Ndipo kilio kikaanza. Hakikuwa kile chepesi cha gereji. Kilikuwa kilio cha siku ya kwanza, cha kutoka tumboni, kile ambacho nyumba nzima huwa inakipokea, mmoja akichoka mwingine anashika, mpaka mfiwa anasikia kwamba hayuko peke yake duniani. Cherotich alipiga mlango kwa kiganja, akaita, akaomba. Akakaa chini kwenye zulia, kichwa kwenye ubao.

Mwanamke mmoja akaja ujiani na sahani ya mishikaki na ndizi, amechangamka, jasho la kucheza usoni. “Dada, mbona umejitenga huku? Njoo ule. Huzuni tumeshaitoa.”

“Nakuja,” akasema Cherotich.

Yule akarudi gerejini, mlango wa kule ukafunguka, muziki ukaingia, ukafungika. Ndani ya chumba Dévote alikuwa anamwita mwanawe kwa jina, tena na tena, na hapakuwa na mtu wa kumpokea.